Njia ya Tatu

Washington, 9 Machi

Dada Maribeth,

Jamu ya pichi imefika, asante.

Uliniuliza kwenye simu, "Wewe mhubiri wa kiasi, ulikuwa wapi wakiamua vita?" Nilikuwepo. Hapa tukimshauri mkubwa wa nchi tunaandika njia tatu: ya kwanza ya kinyonge, ya tatu ya kichaa, ili achague ya katikati. Ya katikati ilikuwa mazungumzo. Ya tatu, mabomu, niliiandika mimi, ili kumtisha tu. Nikainogesha mno. Akaisoma, akaichagua, akanipigapiga begani: "Hatimaye umeandika kiume!"

Nikasema asante.

Mwanao Dell akiondoka Jumamosi na kikosi chake, mwambie mjomba anaumwa, hawezi kuja kumuaga. Usimwambie ni karatasi ya nani inayompeleka.

Nduguyo, asiyestahili jamu yako,
Orrin