Nyamizi Ameanza Kula

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia mtoto akiwa mgongoni, basi mistari ikipinda ujue ni Shabani anarusha miguu. Kifua chako kinaendeleaje? Ile dawa unakunywa, au umerudia ukaidi wako? Sisi hatujambo. Baba Zuhura naye hajambo, ila vidole vyake vimejaa vibanzi, maana kijiji kimempa kazi ya kuchonga milango ya zahanati. Ndiyo, bado namwita Baba Zuhura. Wengine wameanza kumwita Baba Shabani, nikawaambia mwanangu amekufa, jina lake halijafa.

Barua yenu nimeipata. Naijua ni sauti yako ingawa mwandiko ni wa Dada Mwanahawa: "Rudi Kisarawe upumzike. Huko umezika, na huna ndugu wa kulia naye." Niliisoma nikakaa chini. Lakini siji sasa, Mama. Usinune kabla hujasikiliza. Kuna mtu huku ambaye nikimwacha wiki hizi, naogopa hatakula.

Ni jirani yangu Nyamizi. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tulipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa, kando ya njia ya Kwihara. Mumewe, Maganga, alikuwa mrina asali. Alikwenda porini kutundika mizinga, tawi likakatika, wakamrudisha kwa machela ya miti, amekwisha. Amemwachia Nyamizi mtoto mchanga wa kunyonya. Siku za matanga nyumba ilijaa, hukumwona mtu akikosa kulishwa. Matanga yalipoanuliwa kila mtu akarudi shambani kwake na kwenye shamba la kijiji, na Nyamizi akageukia ukuta. Uji ukienda unarudi na utando juu. Maziwa yakaanza kukauka. Kichanga kikawa kinalia kile kilio chembamba ambacho mama yeyote akikisikia mwili wake unashtuka. Nilikuwa nakinyonyesha pamoja na Shabani, huyu titi hili, yule lile, lakini mimi nami si ng'ombe.

Sasa nikueleze na habari ya kisomo. Jioni wanawake tunakutana kwenye ghala la pamba kwa elimu ya watu wazima. Mimi niliyeishia darasa la nne humo naonekana bingwa. Zuhura alipofariki, wale wanawake walinijia na karatasi ya mfuko wa saruji, ule upande wa ndani ulio safi, maana madaftari hayatoshi. Kila mmoja alikuwa ameandika jambo moja tu analomkumbuka mwanangu. Mmoja aliandika: "Zuhura alikuwa anamsalimia kuku wangu shikamoo." Basi. Mama, hakuna mawaidha yaliyonifaa kama huyo kuku. Tangu hapo tukaifanya desturi. Matanga yakishaisha na nyumba imepoa, ndipo tunakwenda, tuna unga kichwani na karatasi mkononi, kila mtu anasoma lake. Wanaojikwaa kwenye herufi tunawangoja.

Kwa Nyamizi tuliharibu. Mwalimu wetu ni kijana mpya, ana moyo mzuri, akaona tunaandika ovyo. Akatuandikia ubaoni maneno ya rambirambi yaliyonyooka: tumepokea kwa masikitiko makubwa, pengo lake halizibiki, na kadhalika. Tukanakili sote kwa adabu. Tulipofika tukasimama mstari kama wanafunzi, tukasoma mmoja baada ya mwingine, maneno yale yale. Wa mwisho alipomaliza, Nyamizi akauliza, uso bado ukutani:

"Tangazo limekwisha?"

Tukatoka tumeinama. Njiani mama mkwe wangu alikuwa ananisubiri, amejishika kiuno.

"Na wewe umesoma hayo hayo?"

"Ndiyo, Mayu." Mayu ndiyo mama kwa Kinyamwezi.

"Wewe Mzaramo gani? Tumezika, tumekaa matanga, tunakuangalia. Mtani pekee kijijini ni wewe, na umekaa kimya kama mke wa mchungaji!"

Nikamwambia mimi nimeolewa hapa, nimewazalia wajukuu, nilidhani mimi ni wa nyumbani, na wa nyumbani hatanii. Mama, huyo bibi alicheka mpaka akashika mti.

"Kwa mwanangu wewe ni mke. Kwenye msiba wa Maganga wewe ni mtani. Babu zetu walikufa njiani wakienda pwani na babu zenu ndio waliowazika na kuwasimanga. Nani amekwambia utani unaisha kwa ndoa? Nenda kamtoe mwanamke yule ukutani."

Nikaogopa. Kwetu nimeona wajomba wakijilaza kaburini wakidai walipwe kaniki ndipo watoke, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kumtania mfiwa, na kwa mdomo nilijua nitalia. Kwa hiyo nikaandika. Nilichukua karatasi yangu ya saruji, nikakoroga uji, nikarudi kwa Nyamizi na Shabani mgongoni. Sikubisha hodi. Nikasoma kwa sauti ya kuchamba:

"Wewe mpagazi! Babu zako walibeba pembe za ndovu toka hapa mpaka baharini, na walipofika wakayanywa maji ya bahari wakidhani ni mchuzi. Leo wewe kubeba kijiko toka bakuli mpaka mdomoni kumekushinda! Na huyo Maganga wako alitulisha asali nusu yake miguu ya nyuki. Amepanda mti maisha yake yote, akashindwa kushuka mara moja tu."

Hapo nikaona bega lake limeacha kupanda na kushuka. Nikasema potelea mbali, nikamaliza:

"Kama uji huutaki, lala. Mtoto namchukua. Nitampeleka kwetu nikamlee Kizaramo, ale papa mkavu asubuhi na jioni, anuke mpaka akirudi hata mbwa wenu wamkimbie."

"Mwanangu ale papa?"

Aliinuka, Mama. Nywele zimesimama, macho mekundu. "Mwanangu mimi ale papa? Mla papa wewe! Mla papa na mama yako, na kijiji chenu chote kinanuka papa!" Akachota majivu jikoni akanimwagia, na Shabani akapata fungu lake. Kisha akacheka, kicheko kibaya kama kikohozi, na ndani ya kicheko hicho hicho kilio kikatoka. Hakuwa amelia tangu mazishi. Alilia amenishika kanga mpaka jua likashuka. Uji ulikuwa umepoa. Akaunywa hivyo hivyo, akasema hauna chumvi na Wazaramo hawajui kupika.

Usifikiri amepona. Siku nyingine nakuta amegeukia ukuta tena, na hapo nasimama mlangoni namsimanga upya mpaka ashike bakuli. Wanawake wa kisomo nao wamechana yale maandishi ya ubaoni. Sasa kila mmoja anampelekea Maganga wake: mmoja kaandika jinsi alivyoogopa kinyonga, yeye asiyeogopa nyuki. Mwalimu alitaka kukasirika, kisha akaomba naye aandike lake. Maziwa ya Nyamizi yanarudi kidogo kidogo. Lakini bado, Mama. Bado.

Juzi tunachambua mboga, akaniuliza ghafla, "Mtani, Zuhura alipokufa, nani alikutania wewe?"

Nikamwambia, "Hakuna. Alikuwa mtoto, na mimi nilikuwa mgeni."

Akaendelea kuvunja majani. Wakati wa msiba wangu hakuwa anajua hata kushika kalamu, ndiyo maana kwenye karatasi ya Zuhura yeye hana mstari.

Kwa hiyo nakuomba unielewe. Sikatai nyumbani. Uliandika sina ndugu wa kulia naye, na mimi nakwambia ninaye. Nikisema ni mtani, wewe mwenyewe unajua ni zaidi ya ndugu, maana ndugu huoni haya kumkimbia, mtani hakuachi.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie jembe lake alilonipa bado lina makali. Nisalimie Shangazi Mwanahamisi msuka ukili, na shemeji mpanda minazi, ashuke salama kila siku. Na wewe Dada Mwanahawa unayesoma, sehemu inayofuata usiiruke wala usiilainishe kwa kuona haya. Nyamizi amesikia nakuandikia, Mama, akanyang'anya kalamu. Ni mara yake ya kwanza kuandika kwa mtu wa mbali. Sijasahihisha kitu.

Mimi mwanao, Mama Zuhura na Shabani.

*Wewe Mzaramo mkubwa. Sikuamkii. Mimi Nyamizi. Binti yako simpi ruhusa. Mjukuu wako Zuhura alikuwa mwizi. Aliiba karanga zangu mbichi shambani akaficha kwenye gauni na akaniambia ni tumbo. Nilimfukuza akicheka. Tumemlaza na watu wetu na hatumrudishi ng'o. Nasikia unalia peke yako huko. Unalia vibaya. Njoo hapa ulie nikuone. Njoo na papa.*