Mama Hakuwa Mpiga Taipu

Kitengela,
14 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Munguti,

Natumaini ulifika salama na baridi ya huko haijaanza kukusumbua. Sisi ni wazima. Presha ya Mama imeshuka na anakula vizuri. Mvua bado, maji tunanunua ya lori.

Salamu zimetosha. Niko na hasira na wewe, na nimeandika kwa sababu kwa simu ningekutukana.

Siku ile tulipopeleka mbuzi wa mahari ya mwanangu Kaloki kwa kina Nailantei kule Kajiado, wewe ndiye ulikuwa msemaji wetu. Ulimtaja kila mtu na kazi yake. Hata mimi na duka langu la chakula cha kuku ulinipamba. Ulipofika kwa Mama ukasema alikuwa anapiga taipu serikalini, ukasonga mbele.

Taipu! Nani alikuambia taipu? Ulimwona Jumamosi moja ukiwa mtoto akibonyeza mashine, basi ukaamua. Ile ilikuwa mashine ya kutoboa kadi za kompyuta, Munguti, na maneno yaliyokuwa kwenye kadi aliyabuni yeye. Yeye na rafiki yake, marehemu Virginia, walitunga lugha ya kompyuta kwa Kiswahili, ndio karani aandike SOMA, JUMLISHA, CHAPA, na mashine ielewe. Mwaka wa 1974! Mkubwa wao aliwacheka. Ikafanya kazi miaka sita.

Ulipoondoka tu, Jumatatu, nilimkuta Mama jikoni akichana daftari zake za kazi hiyo awashie jiko la makaa. Nilimnyang'anya. Mbili zilikuwa zimeshaungua, tatu ziko kwangu kabatini.

Nilimwambia wewe ni mwongo, umemwaibisha mbele ya wakwe. Hakuinua hata sauti.

"Munguti hakudanganya," akasema. "Hajawahi kuniuliza."

Nililia, kaka. Halafu nikakasirika upya, na safari hii na mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua ukweli na siku ile nilikaa pale nikatafuna nyama.

Sasa usinitumie pole kwa simu yangu. Mpigie Mama. Usianze kujitetea. Muulize hiyo lugha aliitungaje, halafu unyamaze. Ana miaka sabini na tisa, na yaliyokuwa kwenye daftari zilizoungua hakuna mwingine anayeyajua.

Nisalimie wifi Akoth na watoto. Kaloki na mchumba wake Nailantei wanakusalimu sana.

Mungu akulinde huko, na akupe masikio.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata leo,
Mutheu