Mababu Hawaingii Kwenye Televisheni

Abaayo Habiba, dada yangu,

Assalaam aleikum, wewe na wote mnaokunywa chai hapo Habaswein wakati ukiisoma hii. Goti la Hooyo, mama yetu, linaendeleaje? Ngamia wamerudi, au mvua bado inawachezea? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo umenichafuka. Msomee Hooyo barua hii taratibu. Kwenye simu angenikatiza kwa dua kabla sijafika popote.

Mmesikia nimefukuzwa kwenye kipindi kipya kwa sababu ya kiburi. Sikufukuzwa. Nimeondoka mwenyewe, tena kwa kinyaa.

Unajua miaka yote hii nimekuwa nani kwenye televisheni. Gaidi. Nisipokuwa gaidi, napitisha magendo mpakani Liboi. Sura yangu inajulikana nchi nzima, lakini jina langu halijui hata anayenipaka poda. Abti Nur, mjomba wetu ninayekaa naye hapa Eastleigh, huniuliza, "Wewe kila siku nabeba bunduki. Hakuna bicha ya mtu nauza maziwa?" Zamani nilikuwa nacheka.

Safari hii waliniahidi makubwa: nionekane kila wiki, nipewe maneno ya maana ya kusema. Nikafurahi kama mjinga. Siku ya kurekodi dairekta akanijia na tabasamu. Eti amesikia sisi Wasomali hufundishwa majina ya babu zetu tangu utotoni, mmoja baada ya mwingine.

"Hiyo ni poa sana, brathe," akasema. "Sasa, kabla umpige risasi mwalimu, yataje yote. Pole pole. Itawatisha watu."

Mwalimu, Habiba! Mwigizaji mzee alikuwa amepigishwa magoti mbele ya ubao, mikono ina chaki. Na jina linalofuata langu ni la Abo, baba yetu, aliyefundisha mpaka kifua kikamshinda, aliyetufundisha hata Kiswahili hiki ninachokuandikia. Nimtaje Abo huku nimemwelekezea mwalimu bunduki?

Nikamwambia dairekta, "Taja babu zako wewe kwanza."

Akacheka. "Mimi hata wa pili simjui. Wacha drama, hii ni kazi."

"Basi hujui unaniomba nini."

Nikaiweka chini ile bunduki yao ya mbao, nikavua kilemba ambacho hakuna mtu wa kwetu amewahi kukifunga vile, nikaenda zangu. Wakamchukua kijana wa Nakuru, wakambandika ndevu. Mimi sasa napima mchele dukani kwa Abti. Kazi niliyoipenda tangu shule imekwisha, na inaniuma, sitakuficha. Lakini Hooyo asinitumie wazee wa kunishauri nirudi. Sirudi.

Juzi yule kijana alikuja dukani, ana adabu zake. "Nisaidie na majina, bro," akaniomba. "Nikikosea watanitoa." Nilitaka kumfukuza, lakini kosa si lake, na njaa yake naijua. Nikamtajia, akakariri palepale kaunta mpaka yakamkaa mdomoni.

Nisalimie shemeji, dereva wetu wa lori, na Eddo Saadia, shangazi yetu muuza maziwa. Msalimie pia mwalimu mkuu anayekalia kiti cha Abo. Mwambie asikubali kulegea.

Kipindi kitakapoonyeshwa, kaa karibu na Hooyo. Gaidi atainua bunduki na kuanza kutaja ukoo wake kwa sauti nzito: Addey, Gududo, Magol, Barni. Hooyo asishtuke. Hao ni ngamia wake, wote kwa mpangilio, mpaka yule mpiga mateke. Mababu wenyewe sikuwatoa. Nakuandikia hapa, wakae nyumbani kwao.

Ni mimi nduguyo,
Mahat wa Ibrahim wa Gedi wa Roble wa Samatar wa Liban