Habari za Datsun na za Mama

Yahaya Mabruki,
S.L.P. 214,
Isevya, Tabora.
8 Desemba, 1974.

Mpendwa kaka Abbasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ndola, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekwisha kukuacha. Sisi hapa Isevya tunamshukuru Mungu. Kuluthumu hajambo, ila mgongo unamuuma kwa kuwa ni mjamzito tena. Watoto wanakwenda shule. Mvua zimeanza mapema kuliko tulivyozoea.

Barua yako ilifika siku nyingi, nami nimechelewa kuijibu. Usidhani ni kwa sababu ya kazi. Nimekaa na kalamu mara kadhaa nikaandika salamu, nikafika hapa, nikachana karatasi. Leo nimeamua nianze na ulichoniuliza, kisha yatakayofuata yafuate.

Unasema kuna mtu huko anauza pikapu ya Datsun kama hii yangu, nawe unataka kujua asili ya magari hayo na wenye nayo wanasemaje. Asili yake nilihadithiwa na Fakhrudin, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Ndiye aliyeniuzia hii alipohamia kwa wanawe Dar es Salaam, na alikuwa akiipenda kama Msukuma anavyompenda ng'ombe wake. Alisema zamani, kabla ya ile vita ya kwanza ya Mjerumani, kulikuwa na mhandisi kule Japani aliyetaka kuunda gari, akasaidiwa na watu watatu: Den, Aoyama na Takeuchi. Akachukua herufi ya kwanza ya kila jina, gari likaitwa DAT. Miaka ikapita, likaundwa gari dogo zaidi, likaitwa Datson, yaani mtoto wa DAT kwa Kiingereza. Kumbe kwa Kijapani hiyo "son" hutamkwa kama neno la hasara. Wakaogopa nuksi, wakageuza mwisho wa jina ukawa "sun", jua, kama lile la kwenye bendera yao. Kisha kampuni ya Nissan ikawa ndiyo yenye jina hilo mpaka leo.

Kila alipomaliza hadithi hiyo, Fakhrudin alipiga bodi kwa kiganja akasema, "Yahaya bwana, hasara ilikwisha kutolewa kwenye jina."

Ama maoni ya wenye magari, hapa mjini yanatofautiana. Hilari, yule dereva wa Landrova uliyesoma naye, alipoiona mara ya kwanza alisema hiyo si gari, ni kiatu cha mguu mmoja. Lakini mwaka jana aliposikia redioni kwamba Datsun imeshinda tena mbio za Safari, alikuja mwenyewe kwenye karakana yangu ya useremala akaniomba aiendeshe mpaka stesheni na kurudi. Aliporudi aliulizia bei tu. Yule jirani yetu Ratilal bado ana Peugeot yake ileile. Yeye husema Peugeot inakubeba kama mgeni wa heshima na Datsun inakubeba kama punda mdogo, ila punda mdogo hali sana. Tangu mafuta yapande, maneno hayo ameyasema kwa sauti ya wivu kidogo.

Mimi nasema hivi. Injini ni nyepesi kueleweka, hata fundi wa chini ya mti anaifungua na kuifunga. Haina kiburi asubuhi ya baridi. Iko chini, kwa hiyo ule udongo mweusi wa mbuga za Igunga wakati wa mvua usiujaribu, ingawa huko hata trekta hukwama. Vipuri vimeanza kuwa adimu hapa, sijui kwenu. Haijanilaza njiani kwa ubaya wake hata siku moja.

Hapa ndipo nilipokuwa nachana karatasi.

Umeandika kwamba ukilinunua unataka kuja nalo Idi ya kuchinja bila kumwambia Mama, ufike mpaka pale njia inapoingia kwenye mihogo yake, upige honi atoke nje. Kaka, usifanye hivyo. Mihogo ipo, nyumba haipo. Mama ni mzima, usishtuke, lakini hakai tena pale. Amehamishwa, na aliyemhamisha ni mimi, kwa Datsun hii niliyokwisha kukusifia.

Habari za Operesheni bila shaka umezisikia. Watu wanaoishi mbalimbali porini wanakusanywa katika vijiji vya Ujamaa. Malori hayakutosha, kwa hiyo sisi wenye magari mjini tuliitwa tusaidie. Katibu mmoja akatueleza kwamba mafuta tutapewa. Nakwambia kweli, aliposema mafuta moyo wangu uliruka. Kabati na vitanda vya mteja wa Igunga vilikuwa vimekaa karakanani mpaka vikaota vumbi, kwa kuwa sikuwa na petroli ya kuvipeleka. Tena usidhani nasema kwa kinyongo. Niliamini, na bado naamini, kwamba huwezi kumchimbia kila mtu kisima chake katika miombo, na kwamba shule na zahanati ni kheri. Nilikwenda kwa hiari yangu.

Tulipelekwa upande wa Igalula. Tukiwa njiani ndipo nilipojua kwamba kitongoji cha kwanza ni cha kwa Mama. Ningeweza kubadilishana na lori. Nikafikiri, afadhali mimi. Wale wa lori hurusha vyungu kama kuni.

Nilimkuta mlangoni anabangua karanga. Akaona gari, akaona na watu wenye mashoka nyuma yangu. Akasimama, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Umekuja kunisalimia au kunichukua?"

Nikasema, "Vyote viwili, Mama."

Akasema, "Basi nisalimie kwanza."

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya Kuluthumu, na ya mtoto mmoja mmoja kwa jina lake, kana kwamba wale watu hawapo. Nami nilikuwa nikijibu huku nasikia jirani yake anaezuliwa paa.

Tulipakia kitanda, mikeka, vyungu, jiwe la kusagia, na kuku wake miguu imefungwa. Alitaka na kihenge cha mtama. Mavuno ya mwaka huu yalikuwa mazuri, kihenge kimejaa mpaka juu, na pikapu ilikuwa imekwisha kujaa. Nikamwambia, "Nafaka nitaifuata kesho asubuhi. Nitakuja na magunia."

Akasema, "Najua utakuja. Wewe si mtu wa lori."

Tulipokuwa tunaondoka waliiezua nyumba ili asirudi, wakachukua na kofia ya kihenge pamoja na nyasi nyingine. Niliiona kwenye kioo. Nikasema moyoni, si neno, ni usiku mmoja tu, na kiangazi bado hakijaisha.

Kesho yake nilipelekwa kitongoji kingine, na kesho kutwa kingine. Hayo hayakuwa mikononi mwangu na sijilaumu nayo. Lakini walipotuachia, kulikuwa na mafuta yaliyobaki katika tangi langu, yanayotosha safari moja. Igalula ilikuwa safari moja, na Igunga ilikuwa safari moja. Nilikaa ndani ya gari karakanani, ufunguo mkononi, nikaliangalia lile kabati. Nikajiambia mtama haukimbii. Nikapakia kabati.

Mvua ilinikuta hukohuko Igunga, mvua ambayo hakuna aliyeitarajia mwezi ule. Barabara ikafungwa. Nililala ndani ya gari, maji yanapiga bati juu ya kichwa changu, nami nikijua yanapiga na nini kwingine. Mteja alifurahi sana na kabati lake. Alinichinjia kuku.

Niliporudi nilimkuta Bernadeta nyumbani kwangu. Ni yule jirani wa Mama ambaye mumewe alikuwa akirina asali, wamehamishwa pamoja. Alikuja kwa treni kuniulizia. Alikuwa ameketi na Kuluthumu uani, aliponiona nashuka garini akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mamako, Mama Maua, amenituma nije nione kama wewe ni mgonjwa," alisema. "Anasema kama si ugonjwa usingekosa kuja."

Kuluthumu aliingia ndani. Tangu nilipoondoka alikuwa anajua nimekwenda Igunga.

Niliazima mafuta kwa Ratilal, nikaenda siku hiyohiyo na gunia la mahindi kutoka stoo yetu. Nilimkuta Mama katika kibanda cha nyasi, kimoja katika mstari mrefu wa vibanda. Mbele yake alikuwa ametandaza mtama kwenye mkeka, jua lilikuwa limejitokeza kidogo. Ulikuwa umeota mizizi myeupe. Bernadeta na wanawake wengine walikuwa wamekwenda kwa miguu wakabeba kichwani walichoweza. Uliobaki umeozea kihengeni.

Alinipikia. Wewe unamjua, hata ungefika kumwambia dunia imekwisha angekupikia kwanza. Ugali ulikuwa unanuka uvundo. Nikaula wote. Nilipomaliza nikasema, "Mama, sikuwa mgonjwa. Nilikwenda Igunga na kabati la watu."

Alikuwa anaosha bakuli. Akaliweka chini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani umekufa, wananificha."

Hilo tu. Hakunilaumu siku ile wala mpaka leo. Nilitaka anitukane, kaka. Nilikaa pale mpaka jua likainama nikingoja anitukane, yeye akanieleza habari za kisima kipya, kwamba maji yake ni matamu na yako karibu, na kwamba zamani ilibidi apaze sauti kumwita Bernadeta, siku hizi wanaongea kila mtu akiwa ndani kwake. Wageni wakipita huwaonyesha mimi. Huwaambia, "Wenzangu waliletwa na lori. Mimi nililetwa na mwanangu, kwa gari yake mwenyewe." Hulisema kwa kujivuna, nami huinamia chochote kilicho karibu, nyundo au kamba ya kiatu.

Nimemsihi aje kukaa nasi Isevya. Kuluthumu naye alikwenda kumbembeleza. Alikataa. "Nimehamishwa mara moja, wanangu. Inatosha."

Kwa hiyo nimekuwa ninakwenda mimi. Mafuta yakipatikana nakwenda na gari, yasipopatikana napanda treni na kisanduku changu cha vifaa. Nguzo zimesimama, paa limeezekwa, wiki iliyopita tulikandika ukuta wa mwisho, Bernadeta akikanyaga udongo na mimi nikibandika. Nyumba ni nzuri kuliko ile ya zamani. Chakula cha kumfikisha mavuno yajayo nimekipeleka, na Kuluthumu ndiye aliyepima, kwa hiyo hakikupunjwa. Nimefanya yote hayo na bado, kaka, nikilala nasikia lile bati.

Mama alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Abbasi yuko mbali, usimtie moto asioweza kuuzima. Mwambie mimi mzima, basi." Nikamwahidi. Ahadi hiyo nayo nimeivunja, ila hii nimeivunja kwa kukusudia, kwa sababu sikuweza kukuona ukipiga honi mbele ya mihogo iliyoota magugu.

Umeniuliza kama ununue. Nunua. Usilinyime gari haki yake kwa ajili yangu, kwani gari huenda linakoelekezwa. Chungulia chini uone kama fremu imewahi kuchomelewa, pinda usukani mpaka mwisho pande zote mbili usikilize, na umuulize mwenyewe alikuwa akibeba nini. Lakini safari hii usije nalo, njia zimeharibika. Fika Dodoma kwa basi, panda treni, ushuke Igalula kabla ya kufika Tabora. Ukiuliza kijiji kipya kwa Mama Maua watakuonyesha, si mbali kwa miguu. Akikuona atakuuliza nani amekwambia. Mwambie ni mimi.

Nami nitakuwepo stesheni kukupokea mzigo. Ukipenda nisiwepo, niandikie mstari mmoja tu, sitakuwepo, wala sitakuuliza kwa nini.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na umwambie yule mkubwa kwamba stuli aliyoniomba nimekwisha kuiranda. Kuluthumu anakuamkia. Ratilal anakusalimu, na Hilari pia, anasema usimsahau kwa soksi ndefu za huko. Bernadeta hajui kwamba nakuandikia, lakini angejua angetaka nimtaje, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba kichwani.

Mwenyezi Mungu akufunike huko uliko, akulinde na vumbi la migodi hiyo, na akufikishe kwa Mama angali na nguvu ya kukupikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kama utanikasirikia,

Yahaya.