Mdomo wa Keji

Alhamisi, Buluk, Juba

Na bado mdomo wa Keji unanikera. Keji ni msichana wa katuni yetu ya kwanza, na tulishamchora akisema, "Mimi iko hapa," kama watu wanavyosema sokoni. Leo mteja amegeuka, anataka maneno yaleyale kwa Kiarabu cha Juba: "Ana fi hini." Sawa, lakini "mimi" inafunga midomo na "ana" haiifungi kabisa. Sauti inasema hivi, mdomo unatafuna mengine.

Kuchora upya hatuwezi, filamu inatakiwa Jumatatu. Okello, mwenzangu tangu tufungue studio, akachukua kalamu akamgeuza Keji atuonyeshe mgongo.

"Hakuna mdomo, hakuna shida, dada."

Tukacheka. Na kweli ikakaa vizuri.

Ila nimesikia kuna studio Kampala inamwita Okello kazini. Hajaniambia. Bila yeye, sijui hata nani ata...

Jioni ndege ya Entebbe, njia ya Kampala, ilipita juu ya bati letu, naye akasimama dirishani akiifuata kwa macho. Nikamuuliza kama anaondoka.

"Mimi iko, dada," akasema.

Hakugeuka. Mdomo wake sikuuona.