Kamba Ndefu za Aproni

Jumanne, magharibi.

Andika na hili kwenye daftari langu, Mama Kulwa mkwe wangu, hata kama linakuhusu. Aproni hizi za turubai nazishona kama ile ya marehemu mama, aliyekuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, mwanamke mkali yule! Kamba ndefu, unazungusha kiunoni mara mbili.

Leo umerudi kutoka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe, kamba ya aproni yako imekatika. "Mayu, mama yangu, mkanda wa mashine uliinyaka, nikajivuta." Halafu unacheka! Mama hakuwa na mashine.

Aproni zilizobaki nimezikata kamba, nitatia vifungo vya kuachia vikivutwa. Lakini Mama Shija, mwenzako wa kazini, kachukua yake asubuhi, anaingia karasha usiku huu, na simu yake haipatikani.

Acha kuandika. Niitie bodaboda, mkasi ninao.