Mikono Yangu na Rula

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa idara hapa hospitali amesema leo mbele ya wote: kuchua miguu kwa mikono hakuna ushahidi kwamba kunasaidia. Wagonjwa wapewe karatasi ya mazoezi, waende nyumbani. Tarehe 28 kitanda changu cha kuchulia kinatoka, chumba kinakuwa stoo. Miaka kumi na tisa nanyoosha vifundo vya watu — leo nimekuwa msugua miguu! Nikamuuliza, nikileta ushahidi je? Lete, akasema, ila si hadithi za wagonjwa waliokushukuru. Haya. Nitamletea namba mpaka achoke.

Jumatano, 5 Machi

Kipimo chenyewe rahisi. Mgonjwa anasimama mbele ya ukuta, anakunja goti liguse ukuta, kisigino kisiinuke. Rula sakafuni. Mguu ukiweza kukaa mbali zaidi na ukuta, kifundo kimelegea. Refa wa mpira aliyeteguka: kabla ya mikono yangu sentimita nne, baada yake saba. Saba! Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Jumanne, 11 Machi

Aibu. Mwenzangu wa chumba cha pili, tunayemwita Miwani, alisimama mlangoni nikipima. Akauliza taratibu tu: dada, huo mkono wako unafanya nini nyuma ya goti?

Nilikuwa nasukuma. Nikishamchua mtu, namsindikiza goti mpaka ukutani, bila kujua. Mazoea ya kazi. Namba zote ni takataka. Kwanza nilimkasirikia yeye. Kisha nikapiga mstari mwekundu kurasa zote tano.

Tunaanza upya. Mgonjwa akikubali, anaokota karatasi iliyokunjwa: mazoezi tu, au mazoezi na mikono. Miwani anapima na kuuliza maumivu, haambiwi nani kaokota nini. Akipima, mimi nakaa nje.

Alhamisi, 27 Machi

Vifundo vilivyoteguka, watu kumi na wanne: waliopata mikono wamewazidi wenzao kwa wastani wa sentimita mbili. Wachache, najua. Lakini safari hii mkono wangu haukusukuma goti la mtu.

Maumivu ya kisigino, watu kumi: hakuna tofauti. Hata chembe. Visigino hivyo nimevichua miaka yote kwa moyo mmoja. Imeniuma sana.

Mume wangu anasema ukurasa wa kisigino uache nyumbani, nani atajua? Nitajua mimi. Sijahangaika mwezi mzima ili niwe mwongo.

Ijumaa, 28 Machi

Ukurasa wa kisigino nimeuweka juu. Mkuu ameusoma, ametabasamu. Si nilikwambia, dada. Nikamwambia fungua wa pili, mzee. Hajafungua — amepiga simu kuita wabebaji wa kitanda. Nami nikapanda juu yake, nikakaa.

Wameshafika, wawili, wapole. Mmoja ameniamkia vizuri kabisa. Wanasubiri nishuke kitandani. Nimewaambia sishuki mpaka afungue ukurasa wa pili, na naandika polepole ili waone sina haraka. Mkuu yupo mlangoni, karatasi mkononi, anatuangalia.

Miwani ameingia. Amevua viatu, amepanda upande wa pili wa kitanda, amekaa kando yangu.